Maji yaliyokataa kushuka

Wiki ya tatu baada ya upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito nilianza kuogopa maji. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda nimeshika kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto, chenye mistari ya mililita, nimekijaza hadi mstari wa kumi. Navuta funda, nameza, nasubiri. Nayasikia yakishuka, yakifika hapa chini ya chembe cha moyo yanasimama. Dakika mbili, tatu. Kisha mate yanaanza kujaa mdomoni, mazito, mpaka siwezi kumjibu mtu. Halafu linapanda povu jeupe linalovutika kama ute wa bamia, na ndani yake yamo maji yangu yaleyale, bado yana ubaridi wa mtungi.

Ndoo ya bluu ilikaa chini ya kitanda. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyeimwaga asubuhi kabla ya kwenda shule, na jioni akirudi. Hakusema kitu. Aliisuuza kwa maji ya dawa, akairudisha palepale.

Habari hii nimekaa nayo muda mrefu. Nimeamua kuiandika kwa sababu Jumapili iliyopita nilipigiwa simu na mteja wangu mmoja wa Muheza. Mdogo wake alifanyiwa upasuaji kama wangu, ana siku kumi na tisa anatapika, na nyumba nzima inamwambia avumilie, ndivyo mwili unavyozoea. Tulizungumza saa nzima. Nilipokata simu mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga. Harusi, hitima, maulidi, arobaini ya mtoto. Nikiitwa nakuja na masufuria yangu, mawe yangu ya mafiga, na wasichana wangu wanne. Kazi hii nimeifanya miaka 17. Mwaka 2023 nilikuwa na kilo 138, na urefu wangu ni sentimita 160. Sukari nilikuwa nayo tangu 2016. Magoti yalinitesa kiasi kwamba nikichuchumaa mbele ya moto, wasichana wawili ndio walioniinua. Usiku pumzi ilikatika nikiwa usingizini, mume wangu ananitikisa: "Mama, vuta pumzi." Alikuwa analala nusu, nusu nyingine ananisikiliza.

Nilijaribu kila nilichoambiwa. Ndimu na tangawizi, kuacha wali, kutembea alfajiri hadi Raskazone na kurudi. Zinatoka kilo saba, zinarudi tisa. Nikaulizia puto la kupunguzia uzito, lile linalowekwa tumboni, maana wengi wamewekewa. Daktari akanieleza kwamba puto hukaa tumboni miezi kadhaa tu kisha hutolewa, na kwa uzito wangu na sukari yangu, upasuaji ungenifaa zaidi. Mtaani watu husema "kakatwa utumbo". Utumbo haukuguswa. Wanatoboa matundu madogo, wanaingiza kamera na vyombo, wanaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo njaa nayo hupungua. Bima yangu haikulipia. Niliuza kiwanja changu cha Pongwe, nilichokinunua kwa faida ya pilau, na kiwanja hicho ndicho kilichokuja kunifunga mdomo baadaye.

Nilipasuliwa Dar es Salaam, Jumatano tarehe 31 Januari 2024. Siku za kwanza sina malalamiko nazo. Bega liliniuma kuliko tumbo, kwa sababu gesi wanayojaza tumboni wakati wa upasuaji hubaki kidogo na kuusumbua msuli wa pumzi, na maumivu yake mtu huyasikia begani. Nilitembezwa wodini jioni ileile, nikachomwa sindano za kuzuia damu isigande. Kisha nikakaa wiki mbili kwa dada yangu Tabata, nikinywa supu ya kuku iliyochujwa kwa kitambaa. Niliporudi Tanga mizani ilisoma 127. Nilishuka juu yake nikasujudu hapohapo sakafuni.

Shida ilianza nilipohamia kwenye uji wa ulezi uliochujwa na viazi vilivyopondwa. Kijiko cha kwanza kilipita, cha pili kikarudi na cha kwanza. Nikadhani nimekula haraka. Siku ya pili nikala polepole zaidi, kijiko cha chai kwa dakika tano, nikiitazama saa ya ukutani. Kikarudi. Nikarudi kwenye supu, supu ikarudi. Mwisho wa Februari hata maji yalikuwa hayashuki yote. Katika vikombe kumi vya dawa ya kikohozi, labda viwili vilibaki.

Hapa kuna jambo ambalo nataka nilieleze bila kulipunguza. Mtu akiugua malaria hakuna anayemuuliza alifuata nini kwa mbu. Lakini mimi niliyejipeleka mwenyewe, nikauza kiwanja, nikalipa, nikalala kwenye kitanda cha upasuaji kwa miguu yangu, kila aliyeniona nimeinama kwenye ndoo aliona ni gharama niliyokwisha kukubali. Wifi yangu, ambaye tunapendana na ndiye aliyenifulia nguo siku zote hizo, alinipapasa mgongo akasema, "Pole wifi, ila umeyataka mwenyewe. Vumilia tu." Mama yangu akasema, "Mwanangu, subira." Jirani alileta zamzam. Hakuna aliyenichukia hata mmoja. Na mimi niliwaamini, tena kuliko wao wenyewe. Nilijiambia kwamba mtu aliyeuza kiwanja ili akonde hana haki ya kulia kwamba anakonda.

Nesi wa kule Dar alinipigia simu kunijulia hali, kama walivyoahidi. Ndoo ilikuwa mbele ya magoti yangu. Nikamwambia, "Alhamdulillahi, naendelea vizuri." Akaniuliza nakunywa maji kiasi gani kwa siku, nikasema lita moja na nusu, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi niliyopewa. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilidanganya. Niliogopa kuambiwa upasuaji haukufaulu. Niliogopa kurudi Dar na kulipa tena na sina kiwanja kingine. Na niliona aibu, aibu ya mtu mnene ambayo nimeibeba tangu shule ya msingi, kwamba likitokea lolote tumboni mwangu basi ni mdomo wangu uliokosa.

Ramadhani ikaingia. Mtu mmoja aliyekuja kunitazama akasema kwa nia njema kabisa, "Wewe si huli hata hivyo, ungetia nia tu ukafunga." Mgonjwa ameruhusiwa wazi kula na kulipa siku nyingine, hilo nalijua tangu chuo cha Kurani. Lakini maneno yale yaliniingia. Nikatia nia. Nikafunga siku moja, na magharibi, wakati wenzangu wamekaa kwenye mkeka na tende mkononi, nilisimama kwenda kuchukua maji nikaanguka kati ya mlango na jiko.

Mume wangu alinipeleka zahanati. Walinipokea vizuri, wakaniona nimekauka, wakanitundikia dripu mbili, moja ya chumvi na moja ya sukari. Nikarudi nyumbani usiku nikiwa na nguvu kidogo, nikalala.

Asubuhi nilifungua macho nikitazama mlango. Nyuma ya mlango ilikuwa imetundikwa kanga yangu ya rangi ya zambarau, jina lake "Subira huvuta heri". Nikaliona jina mara mbili. Mstari mmoja juu, mwingine umekaa kando kidogo, kama kanga iliyochapwa vibaya. Nikafumba jicho moja, ukabaki mstari mmoja. Nikafumbua, ikawa miwili. Nilipojaribu kusimama sakafu ilikuwa kama ubao wa mashua. Nilipanua miguu na kushika ukuta. Nyayo zilikuwa na ganzi, kama nimevaa soksi nene ilhali nilikuwa peku.

Binti yangu ndiye aliyeniokoa, na hili nataka liandikwe. Hakuniuliza. Alichukua simu yangu akampigia dada yangu Tabata. Nilimsikia kutoka chumbani: "Shikamoo mama mkubwa. Mama anaona vitu viwili viwili. Na alimdanganya nesi, anatapika maji tangu mwezi uliopita." Dada alimpigia daktari. Daktari akasema wasisubiri basi la kesho, waje sasa hivi.

Tulikodi gari. Safari kutoka Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350, na sikumbuki nyingi zake. Nakumbuka Segera, taa za wauza mahindi, na kwamba kila taa ilikuwa na pacha wake. Nakumbuka mume wangu alikuwa ananiuliza maswali madogo njia nzima, jina la mtaa tuliokaa kwanza, bei ya mchele, na mengine nilikosea.

Tulipofika, kabla ya kipimo chochote kirefu, daktari aliagiza sindano ya mshipani ya vitamini B1. Ile ya kwanza kabisa. Kisha ndipo dripu. Baadaye alinieleza, na maneno haya nimeyashika kama dua. Akiba ya vitamini B1 mwilini haifiki mbali. Mtu asipoipata kwa wiki mbili tatu huanza kuisha. Ubongo na mishipa ya fahamu huihitaji ili kuitumia sukari. Mtu aliyetapika wiki nyingi ukimpa dripu ya sukari kabla ya kumpa B1, ile kidogo iliyobaki inaliwa yote, na hapo macho hucheza, miguu hupotea, akili huchanganyika. Ugonjwa huo una jina la daktari wa Kijerumani, Wernicke. Ukicheleweshwa kutibiwa, kumbukumbu inaweza isirudi, na unaweza kuua. Siwalaumu wa zahanati. Mimi sikuwaambia kwamba nimetapika wiki tatu. Niliwaambia nimefunga.

Siku ya pili asubuhi nilitazama saa ya wodini na mishale yake ilikuwa miwili tu, kama inavyopaswa. Nikamwita mgonjwa wa kitanda cha jirani nimwonyeshe.

Kisha wakanipitisha kamera mdomoni. Pale ule mrija unapopinda, katikati, palikuwa pamebana. Kamera yenyewe ilipita kwa shida. Inawatokea wachache. Hakuna nilichokosea kula. Waliingiza puto dogo, si lile la kupunguzia uzito, la kupanulia njia tu, wakalijaza taratibu pale palipobana, wakalitoa. Baada ya siku kumi wakarudia.

Siku iliyofuata ile mara ya kwanza, nesi aliniletea maji kwenye kikombe kidogo cha dawa. Nilikishika muda mrefu. Nikavuta funda, nikasubiri yasimame. Hayakusimama. Nikamtazama nesi, nikavuta jingine. Akaniuliza, "Mama, unalia nini?" Nikashindwa kumweleza.

Daktari alikuja jioni akaketi kitandani, jambo ambalo hawafanyi mara nyingi. Akasema, "Mama, kwa nini hukutuambia?" Nikanyamaza. Akasema kutapika mara moja moja, umekula haraka au hukutafuna, kunatokea. Kutapika maji siku nzima si jambo la mtu kuzoea, awe amepasuliwa jana au mwaka jana.

Watu wakisikia nilipona pale hudhani habari imeisha. Haikuisha. Macho yalirudi upesi, miguu ilichukua miezi. Nilikuwa natoka uani na kandambili mbili nafika barazani na moja. Ile nyingine imechomoka njiani na mguu haukunipa habari. Sindano za B1 zilifuatwa na vidonge, na vitamini nyingine nitazimeza maisha yangu yote. Hizo nimeziweka kwenye kopo la karafuu ili mkono uzikute. Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka, kitana kinajaa. Hilo huwapata wengi baada ya kukonda haraka na hurudi, nami zilirudi, lakini nilisuka na kujifunga mtandio hata nikiwa ndani peke yangu.

Kilichoniuma kuliko nywele ni kazi. Pwani hapa harusi hazifungwi Ramadhani. Zote zinasubiri mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na mfungo mosi ule nilikuwa na shughuli tano zimeshalipiwa kianzio. Nikazigawa. Sikuweza kusimama, na harufu ya kitunguu kikiungua kwenye mafuta, harufu iliyonilea, ilinifanya nitoke nje. Mpishi asiyeweza kuonja ni nini? Nilikaa barazani siku ya harusi ya mtoto wa rafiki yangu nikisikia vigelegele kwa mbali na kujua saa hizi wanapakua, na pilau si langu. Nililia kwa ajili ya chakula kama mtu anavyomlilia marehemu. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Kila mtu alikuwa ananipongeza nimependeza.

Mume wangu alianza kula nje, uani, kwenye kigoda, sahani amepakata, ili nisione. Nilimwona dirishani siku moja anakula wali na samaki upesi upesi kama mwizi. Nikatoka na kigoda changu nikakaa karibu yake. Nilikuwa na bakuli la maziwa mgando. Nikamwambia, "Kula mbele yangu, nataka kusikia umekula." Tangu siku hiyo tumerudi kwenye mkeka.

Nilijifunza kula upya kwa mambo madogo. Protini kwanza, gramu 60 kwa siku au zaidi, ambayo kwa nyumba kama yangu ni mayai, samaki wa kuchemsha, dagaa waliosagwa wakawa unga nikachanganya kwenye mboga. Sinywi maji na chakula pamoja. Nikila nasubiri nusu saa. Mkate laini na wali uliobonyea ndivyo vinavyonikwama mpaka leo. Nyama ya ng'ombe nimeiacha iende zake.

Leo nina kilo 89. Vidonge vya sukari daktari amenisimamishia, ila napima kila mwezi. Nachuchumaa kwenye mafiga na kuinuka mwenyewe. Usiku mume wangu analala hadi adhana. Wakiniuliza kama najuta nasema hapana, na ni kweli. Ninachojutia ni ile simu ya nesi.

Kazini nimerudi taratibu. Msichana wangu mkubwa ndiye mwonjaji sasa, na ana ulimi mzuri, lakini mwezi uliopita kwenye hitima moja kule Chumbageni aliniletea kijiko cha mchuzi mwenyewe, hajaombwa. Nikaonja, nikameza, nikasema ukwaju umezidi. Akasema na yeye aliona hivyo ila aliogopa kusema.

Yule dada wa Muheza nilimwambia hivi: usimuulize anavumilia au havumilii, muulize maji yanakaa au hayakai, na mkojo una rangi gani. Kama maji hayakai, ni hospitali leo, na mpigie simu aliyempasua. Mkifika mapokezi sema kwa sauti kwamba amepasuliwa tumbo kupunguza uzito na ametapika siku kumi na tisa, sema namba, kisha omba apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari. Wakikushangaa, omba tena. Akiona viwili viwili, au akipepesuka, au moyo ukimwenda mbio, au ana homa, msikae hata kungoja chai. Nikamwambia pia amtoe chumbani mtu yeyote anayesema umeyataka mwenyewe, hata kama ni mimi.

Jumanne usiku alinitumia ujumbe. "Wamemlaza. Nilisema kama ulivyoniambia, daktari akanielewa, sindano wamempa kwanza. Kesho kamera. Anauliza ulikuwa unatumia kikombe cha ukubwa gani."

Nimekiosha changu, nimekifunga kwenye leso, na nimempa kondakta wa basi la Muheza la asubuhi.